Sura ya Sita: Sukari Katika Kalenda ya Chai

Katika nchi ya chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, karibu kila kitu hupimwa. Mchumaji wa shamba la kampuni anazijua kilo alizopeleka kwenye mizani asubuhi na alizopeleka jioni. Mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek anahifadhi risiti za kituo cha kununulia majanichai mwaka mzima ili Oktoba ikifika aweze kujihesabia bonasi. Kiwandani wako watu wanaopima unyevu wa jani na joto la kikaushio usiku kucha. Sukari ya damu ndiyo iliyoachwa nje ya hesabu hizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uitwao STEPS, ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya Wakenya watu wazima hawakuwahi kupimwa sukari hata mara moja maishani.

Mtu akishapimwa na kuambiwa ana kisukari, swali la kwanza huwa la muda. Nitaenda kliniki saa ngapi? Nani atachuma zamu yangu? Nikikosa siku moja, nitalipwa? Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu ugonjwa huu humdhania mtu mwenye asubuhi tulivu, jiko lenye friji na ofisi iliyo karibu na choo. Watu wa nchi ya chai hawaishi hivyo. Hoja ya sura hii ni moja: anayefanya kazi ngumu hawezi kukaa akingoja muda wa ziada wa kuutunza ugonjwa, kwa sababu muda huo haupo. Inampasa aupachike utunzaji wake kwenye ratiba ambayo kazi imekwisha kumpangia. Na kalenda ya chai, kwa bahati njema, imepangika vizuri: ina siku, ina mzunguko wa kuchuma, ina mwezi wa malipo, ina misimu, na ina Oktoba.

Ugonjwa usio na homa

Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa miaka ya 1920, na kampuni kama Brooke Bond na James Finlay zikajenga zahanati na hospitali kwa ajili ya wafanyakazi wao. Huduma hizo zilijengwa kupambana na malaria, kuzalisha kina mama na kushona vidonda. Rekodi za malaria za hospitali za mashamba hayo zilitunzwa vizuri kiasi kwamba wanasayansi walizitumia kuchunguza jinsi ugonjwa huo unavyolipuka katika nyanda za juu. Mtu aliyeshikwa na homa alijua anaumwa, na nyapara alimwona anatetemeka akamruhusu aondoke.

Kisukari cha aina ya pili hakitetemeshi mtu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoiingiza sukari kutoka kwenye damu hadi kwenye misuli na viungo vingine. Mwili ukianza kuipuuza insulini hiyo, na kongosho ikachoka kuongeza nyingine, sukari hubaki kwenye damu ikizunguka. Kwa miaka kadhaa mtu anaweza asihisi lolote. Baadaye huja kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, uchovu, macho yenye ukungu, ganzi miguuni, na kidonda kisichopona. Wengi huenda hospitali wakati huo, na daktari hukuta mishipa midogo ya macho na figo imekwisha kudhurika. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu hakuficha, hakujua tu.

Iko imani inayosikika sana huku: sisi ni watu wa mbio na kazi, sukari ni ya watu wa mjini. Ni kweli kwamba Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwana wa Kericho. Ni kweli pia kwamba misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo kuchuma na kupanda vilima ni kinga ya maana. Lakini umri una uzito wake, na urithi wa familia, na kitambi, na chakula, na usingizi uliokatwakatwa. Tena nchi ya chai haina wachumaji peke yao. Wako makarani wa mizani, madereva wa malori, walimu, wenye maduka na vijana wa bodaboda wanaokaa juu ya kiti kutwa nzima.

Tarakimu za kuzijua ni chache. Sukari iliyopimwa kabla ya kula, baada ya kufunga angalau saa nane, ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ni dalili ya kisukari. Iliyopimwa saa yoyote ikafika 11.1 kwa mtu mwenye kiu na kukojoa sana, ni hivyo hivyo. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi wanakijua kama kipimo cha miezi mitatu, kikifika asilimia 6.5 kinasema jambo hilohilo. Mtu asiye na dalili hupimwa mara ya pili ili kuhakikisha. Na aliye ukingoni, ambaye sukari imepanda bila kufika hapo, bado ana nafasi kubwa: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58.

Siku: kikombe, sahani na kidonge

Jani la chai halina hatia. Chai yenyewe haina sukari ya kuhesabika. Hatari ni kile tunachokitia ndani yake. Tuseme mtu anakunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari. Kijiko kidogo kina takriban gramu 4, kwa hiyo amekunywa gramu 60 kabla hajagusa mandazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Mwenye kisukari anafaa kwenda hadi sifuri, na njia inayodumu ni ya polepole: punguza nusu kijiko kila wiki, na ndani ya wiki sita ulimi utakuwa umezoea. Chai ya kiamshakinywa ikishabadilika, nusu ya vita imekwisha.

Sahani haihitaji vyakula vya kununuliwa supamaketi. Saga, managu na sukuma wiki zijaze nusu yake. Ugali au kimyet ichukue robo, kiasi cha ngumi yako mwenyewe. Robo iliyobaki iwe maharagwe, mayai, kuku, samaki au nyama. Kimyet ya wimbi ni chakula kizuri cha asili, lakini nayo ni wanga, na ikijaa sahani itapandisha sukari kama ugali wa mahindi. Mursik (maziwa ya mgando) isiyotiwa sukari ina nafasi yake kwa kikombe kimoja, mradi ihesabiwe kuwa sehemu ya mlo.

Metformini, dawa ambayo wengi huanzishiwa, humezwa pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Mchumaji anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni aifungamanishe na milo yake miwili ya uhakika, wa asubuhi na wa usiku, na aiweke mahali anapoweka chumvi au majani ya chai. Kidonge kinachokaa sandukuni chini ya nguo husahaulika.

Shambani: miguu, vidole na sukari inayoshuka

Kazi ya chai ina mambo yake ambayo vijitabu vya kliniki haviyataji. Mchumaji hutembea kwenye umande na mvua akiwa amevaa gamubuti kwa saa nyingi. Mguu ukiloa ndani ya gamubuti, ngozi hulainika na kupasuka katikati ya vidole, na mwenye kisukari anaweza asihisi kitu, kwa sababu sukari nyingi hudhuru mishipa ya fahamu. Mwiba au kisiki cha mchai uliopogolewa kinaweza kumchoma, yeye akaendelea kuchuma hadi jioni.

Kwa hiyo fanya mambo haya kila siku. Kung'uta gamubuti na upitishe mkono ndani kabla ya kuvaa. Vaa soksi kavu, na kama unaweza, beba jozi ya pili kwa ajili ya mchana. Jioni osha miguu kwa maji ya uvuguvugu ambayo umeyapima joto kwa kiwiko, ikaushe hadi katikati ya vidole, kisha uikague chini na juu. Asiyeona vizuri aombe mtoto wake amwangalizie. Usikate sugu kwa wembe. Na baridi ya Kericho ikizidi, usisogeze miguu karibu na jiko kuota moto: mguu wenye ganzi huungua bila kumwambia mwenyewe. Kidonda chochote kinachobadilika rangi, kutoa usaha au kunuka ni cha kupelekwa kliniki siku ileile.

Vidole navyo ni zana ya kazi. Kichipukizi na majani mawili huvunjwa kwa kidole gumba na cha shahada, kwa hiyo unapopima sukari nyumbani, toboa pembeni mwa kidole cha pete au cha kati, na ubadilishe mkono. Osha mikono kwanza. Tone la damu kutoka kwenye kidole kilichoshika mandazi litatoa tarakimu ya uongo.

Hatari inayohitaji ushirika wa wenzako ni sukari kushuka. Metformini peke yake huishusha kupita kiasi kwa nadra, lakini insulini na vidonge kama glibenklamidi vinaweza, hasa ukichuma kwenye mteremko mkali bila kula. Mtu hutetemeka, hutoa jasho la baridi, moyo humwenda mbio, huongea ovyo, na wengine wanaweza kudhani amelewa. Ikishuka chini ya milimoli 4, au ukizihisi dalili na huna kipimo, kula au kunywa gramu 15 za sukari: vijiko vidogo vinne katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia ikihitajika, kisha kula chakula. Sukari hiyo ikae mfukoni mwa koti lako la mvua. Na watu wawili wajue: anayechuma mstari wa jirani, na nyapara. Waambie kwa maneno mepesi: nikianza kutetemeka na kuongea vibaya, nipeni sukari, nikizimia, msinitie kitu mdomoni, nipelekeni zahanati.

Zamu ya usiku

Majani yanayochumwa mchana hufika kiwandani alasiri na jioni, hunyaushwa kwa saa nyingi, na ndiyo maana mashine na boila haziwezi kulala. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hula wakati mwili ulitarajia kulala, na tafiti nyingi zimeihusisha kazi ya zamu na ongezeko la kisukari cha aina ya pili. Mlo mkubwa aule kabla ya kuingia zamu, na saa za usiku wa manane apate kitu kidogo kama yai, karanga au mboga, badala ya soda na mkate. Metformini ifuate mlo, hata kama mlo huo uko saa moja jioni. Insulini ni jambo jingine: asibadilishe saa wala kipimo kwa akili yake. Akienda kliniki apeleke ratiba ya zamu iliyoandikwa, ili tabibu apange dawa kwa maisha yake halisi.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, nayo haitakiwi kuganda. Iliyofunguliwa, aina nyingi hudumu kama wiki nne mahali pa baridi pasipo na jua. Nyumba isiyo na friji inaweza kutumia chungu cha udongo kilicholoweshwa na kuwekwa kivulini, na hewa ya mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari inasaidia. Usiiache kwenye koti lililotundikwa karibu na boila.

Mzunguko, mwezi, msimu na Oktoba

Mchai huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14. Mtu anayetumia vidonge pekee na ambaye hali yake imetulia anaweza kuufanya mzunguko huo kuwa alama yake: apime mara moja kabla ya kiamshakinywa na mara nyingine saa mbili baada ya mlo mkuu, aandike tarakimu kwenye daftari lenye kilo zake. Anayetumia insulini atahitaji kupima mara nyingi zaidi. Wasio na mashine wamtafute mhudumu wa afya ya jamii: tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wapatao 100,000 vifaa, ikiwemo mashine ya kupima sukari na ya presha.

Mwezi wa malipo ni wa dawa. Nunua au chukua dawa siku ile fedha inapoingia, kabla ya deni la duka. Kama sukari yako imetulia, omba dawa ya miezi miwili au mitatu kwa mara moja. Ombi hili si geni. Kliniki za virusi vya UKIMWI, ambazo Kericho inazijua vizuri kupitia miaka mingi ya kazi ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na mradi wa utafiti wa Walter Reed, ziliona kwamba mtu anayefanya kazi hawezi kupiga foleni kila mwezi, zikaanza kuwapa waliotulia dawa za miezi kadhaa. Watu hao wanaendelea kufanya kazi na kulea watoto. Mwenye kisukari anastahili mpango huohuo.

HbA1c hupimwa kila miezi mitatu hadi hali itulie, kisha mara mbili kwa mwaka. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Haihitaji kufunga kula, kwa hiyo unaweza kuipima saa yoyote, hata ukitoka zamu. Panga miadi mikubwa wakati majani ni machache: ukame wa Januari hadi Machi, na baridi ya Julai.

Oktoba, mwezi wa bonasi kwa wakulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, uwe mwezi wa ukaguzi wa mwaka. Orodha ni fupi: macho yachunguzwe hadi nyuma ya jicho, figo zipimwe kwa mkojo na damu, miguu ikaguliwe hisia zake, na mafuta ya damu na meno yaangaliwe. Presha hupimwa kila unapokwenda. Hospitali za rufaa za Kericho na Longisa, hospitali ya Kapkatet, AIC Litein na Tenwek yenye kitengo chake cha macho ziko ndani ya eneo hili. Thamani ya kazi hii imethibitishwa. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 na kutoa matokeo mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukaribu tangu mwanzo kulipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa robo.

Sheria, fedha na heshima

Wengi hukosa kliniki kwa hofu ya kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na 7 nyingine kwa nusu malipo, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi. Omba kliniki ikupe cheti na tarehe ya miadi ijayo kwa maandishi, umpe msimamizi mapema.

Kwa fedha, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mpango wake ni kwamba aliyejisajili ahudumiwe bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu. Jisajili kabla ya kuugua, na uwasajili wote wanaokutegemea.

Haya yote ni mzigo mzito kumwachia mtu mmoja. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA ni mali ya wakulima wenyewe kupitia hisa zao. Basi wakulima hao wana haki ya kusimama kwenye mkutano wa kiwanda na kudai kwamba kila Oktoba vituo vyote vya kununulia majanichai vipime sukari na presha ya kila anayefika. Katika mashamba ya kampuni, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU, hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Saa za kliniki zenye malipo kwa wenye magonjwa ya kudumu ziingizwe kwenye makubaliano yajayo. Gharama ya kijiti kimoja cha kupimia ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mguu uliokatwa au ya kusafisha figo kwa mashine kila wiki.

Nawe usingoje mkutano. Kabla mzunguko ujao wa kuchuma haujafika, nenda zahanati au kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwenu, upimwe. Mchukue mume au mke, mchukue mzazi wako. Andikeni tarakimu zenu, na tarehe ya kurudi.